Baiti Nne za Salome

Dhoruba ya jua ilipita juu ya Kituo cha Ukingo kwa saa kumi na moja. Watu wote mia nne na kumi na wanane waliimaliza handakini wakiwa salama, pamoja na paka wa jikoni ambaye hakuna aliyekumbuka kumbeba. Kilichoungua ni kumbukumbu za kompyuta. Huku Mwezini kumbukumbu hukaa kwenye mbao za kielektroniki, nene na za kizamani, zenye nafasi haba, maana zile kubwa na laini za duniani mionzi huzitafuna kama mchwa. Kituo kilikuwa na mbao kumi na sita. Zilizosalia zilikuwa saba, na meli ya mizigo haikutarajiwa kabla ya miezi kumi na minne.

Kichekesho ni kwamba tano kati ya hizo saba zilikuwa mbao za mchezo uitwao Mtaa. Ziliwekwa shimoni kabisa, mahali pasipogombewa na mtu, na shimo ndilo lililoziponya. Mitambo ya hewa na maji ilikuwa ikihema kwenye mbao mbili zilizobaki.

Mkuu wa kituo, Lusajo Mwakatobe, alilisema neno lake saa ya chakula cha mchana, amesimama kando ya sufuria la wali.

"Salome, nahitaji mbao nne kati ya zako tano. Nakupa siku sita. Ukiweza kuubana Mtaa ukaingia kwenye ubao mmoja, vizuri. Usipoweza, tutapunguza wakaazi mpaka watoshe."

"Kupunguza ni kuwafuta, Mkuu," alisema Salome Mghoi.

"Ni kupunguza. Siwezi kusimama mbele ya watu niwaambie wamekosa pumzi kwa sababu ya mchezo."

Ukubwa jaa, na siku hiyo jaa lilikuwa limemfika Mwakatobe mabegani. Alipakua wali kidogo, akaenda kula peke yake.

Ni kweli Mtaa ulikuwa mchezo. Ndivyo ulivyoandikwa kwenye orodha ya mizigo ya meli ya kwanza, miaka thelathini na sita nyuma: mchezo mmoja, wa kuburudisha wafanyakazi. Unavaa miwani na glavu, unajikuta umesimama kwenye barabara ya vumbi jekundu, mvua inanukia kwa mbali, na mbele yako kuna wakaazi elfu tatu na mia moja ambao hawajawahi kuzaliwa. Hakuna pointi, hakuna mshindi. Kuna kukumbukwa tu. Ukimwambia muuza mihogo leo kwamba mwanao ana homa, juma lijalo atakuuliza, "Mtoto ameinuka?" Kwa watu mia nne wanaoonana wao kwa wao mwaka mzima, ndani ya kuta zilezile, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Salome alikuwa na sababu yake zaidi. Alizaliwa kituoni. Mama yake alikuwa mchimba barafu, akikaa siku nane nane kwenye kreta, na siku hizo nane binti alivalishwa miwani akapelekwa kwa Mkiwa, msusi wa mikeka wa Mtaa wa Chini. Mkiwa ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa miyaa ya kusukia. Mkiwa ndiye aliyemwambia mama akifa si lazima ulie mbele za watu, lakini ni lazima ulie. Mpaka leo, akiwa na miaka thelathini na miwili na cheo cha mtunza injini, yaani programu inayouendesha Mtaa, Salome akipiga hodi kwenye mlango ule hujibiwa, "Karibu, kifunguamimba wangu." Mkiwa alikuwa na wageni wengi. Kifunguamimba alikuwa mmoja.

Baada ya chakula Salome alikwenda jikoni kumtafuta Bi Tatu Shemweta.

Bi Tatu ndiye aliyeiandika injini ya Mtaa tangu mstari wa kwanza, enzi za meli ya kwanza. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, amestaafu kompyuta lakini si zamu ya jikoni, kwa kuwa zamu ya jikoni kituoni haina mstaafu. Salome alimkuta amekaa mbele ya sinia la choroko.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Nawa mikono ukae. Choroko za vumbi la Mwezi zina mawe kuliko choroko." Alimwacha achambue kidogo, kisha akauliza, "Mwakatobe amekupa ubao mmoja?"

"Mmoja. Haiwezekani, Bi Tatu. Wakaazi elfu tatu na mia moja, watu mia nne na kumi na wanane, na kwa kila mtu mkaazi anashika mambo arobaini: amemzoea kiasi gani, anamwamini kiasi gani, anamtania kiasi gani. Hizo ni namba milioni hamsini na moja na kitu."

"Na laki nane na elfu thelathini na mbili," alisema Bi Tatu bila kuinua macho. "Kila namba umeiweka wapi?"

"Kwenye sanduku lake. Sanduku lina jina la namba, aina yake, na anwani ya sanduku linalofuata."

"Namba yenyewe inachukua nafasi gani?"

"Baiti nne."

"Na sanduku?"

Salome alisita. "Ishirini na nne."

Bi Tatu hakumcheka, ingawa alikuwa na haki. Alichukua choroko moja, akaifunga kwa kipande cha karatasi, akaizungushia uzi, akapiga fundo, akaiweka kwenye kiganja cha Salome. "Haya. Watu mia nne wana njaa. Nifungie zote hivi, kisha unipikie."

Halafu alilishika sinia akaliinamisha juu ya sufuria. Kwa uzito mdogo wa Mwezini choroko hazikuanguka kwa kishindo. Ziliteremka taratibu, zikagusana, zikajipanga, zikajaa mpaka pembeni pasipo kubaki upenyo.

"Nani aliyeleta hayo masanduku?"

"Walionifundisha. Na mimi. Mbao zilikuwa nyingi, Bi Tatu. Tuliona inapendeza kila namba ijitambulishe."

"Namba haina haja ya kujitambulisha. Inajulikana kwa pahali ilipokaa. Zimwage zote kwenye safu moja, zimebanana, mkaazi wa kwanza na mtu wa kwanza na jambo la kwanza, kisha la pili, mpaka mwisho. Unataka namba ya mkaazi wa mia saba? Zidisha, jumlisha, umefika. Huna haja ya kuuliza njia." Alifuta mikono. "Na zenyewe zimenenepa. Hiyo baiti nne inaweza kukwambia mkaazi amemzoea fulani kwa sehemu ngapi ya bilioni. Nani aliyekuuliza? Ipe kila namba nusu baiti. Nusu baiti ina hatua kumi na sita, sifuri mpaka kumi na tano. Hebu piga hesabu."

Salome alipiga kichwani, akarudia kwa kidole juu ya meza yenye unga. Baiti milioni ishirini na tano, laki tisa na elfu kumi na sita. Zilikuwa zinaingia kwenye ubao mmoja, na nafasi ya barabara, nyumba na mvua ingebaki.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Salome alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, lakini hakuwahi kukiona kibaba chenyewe kikijaa mbele ya macho yake. Alimtazama yule mama aliyekuwa akiokota kwa kucha vijiwe vilivyosalia, akamwonea fahari.

Alifanya kazi siku tatu. Asubuhi anaandika, mchana anajaribu, jioni Bi Tatu anapita na kikombe cha chai ya rangi, anasoma mistari yake, anaguna. Siku ya kwanza aliguna mara tisa. Siku ya tatu hakuguna.

Siku hiyo ya tatu waliuwasha Mtaa wa majaribio, na Salome akaona jambo ambalo hakuwa amelitegemea. Mvua ilinyesha. Miaka yote mvua ya Mtaa ilikuwa na kigugumizi: inashuka, inaganda kidogo, inashuka tena, na kila mtu alikuwa ameizoea akidhani ndiyo mvua. Kumbe ilikuwa mashine ikikimbia huku na huko kufungua masanduku. Sasa namba zilikaa ubavu kwa ubavu, mashine ikazisoma mfululizo bila kupumzika, na maji yakashuka moja kwa moja kutoka mawinguni hadi kwenye mabati, yakatiririka, yakamwagika kwenye ndoo ya mwanamke aliyeitega. Salome alisimama katikati ya barabara, amevua viatu, akacheka peke yake kama mwehu.

Alikimbia hadi kwa Mkiwa. "Hodi!"

"Karibu, kifunguamimba wangu. Mbona umelowa?"

Alirudi kuvua miwani akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Chini ya sakafu, Mzee Elinaja Mbwambo, fundi wa pampu, alikuwa akikaza nati za bomba la kupozea mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mvi za pembeni, na kituoni watu walizoea kumwona miguu yake tu ikichungulia kutoka chini ya kitu.

"Mzee Mbwambo, njoo unijaribie. Dakika tano tu."

"Mimi si mtu wa Mtaani sana, mwanangu. Huwa naenda mara moja kwa mwaka."

"Basi njoo, hii iwe ya mwaka huu."

Alivaa miwani. Salome aliona safari yake kwenye skrini: hakugeuka kushoto wala kulia, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kombo, fundi viatu, akakaa kwenye benchi lile la ubao. Akasubiri. Kombo aliinua macho kutoka kwenye soli.

"Karibu mgeni. Unaitwa nani?"

Mzee Mbwambo alisema jina lake, akavua kiatu akampa, akasubiri kishonwe, akashukuru. Alipovua miwani aliipanguza kwa fulana yake kabla ya kuirudisha.

"Huwa anakuita jina?" Salome aliuliza.

"Huwa ananiuliza magoti yanaendeleaje. Nilimweleza mwaka aliofariki mke wangu, kwamba magoti yananisumbua. Basi kila nikienda siku ile ananiuliza." Alichukua spana yake. "Hamna neno. Ana wateja wengi yule."

Akarudi chini ya sakafu, na miguu yake ikachungulia kama kawaida.

Salome alizifungua namba za zamani. Kombo alikuwa amemzoea Elinaja Mbwambo kwa sehemu sita za elfu. Ni ndogo, lakini ilikuwepo. Kwenye nusu baiti, hatua ya kwanza juu ya sifuri ilikuwa karibu sehemu sabini za elfu. Chochote kilichokuwa chini ya nusu ya hapo kilianguka. Sita ilikuwa imekuwa sifuri, na kwa sifuri mkaazi hana budi kukuuliza jina.

Akahesabu ni wangapi. Walikuwa watu sitini na mmoja ambao hakuna mkaazi hata mmoja katika Mtaa mzima ambaye angewatambua tena. Akasoma majina yao. Wauguzi wa zamu ndefu. Wachimba barafu. Mafundi wa nje. Mpishi mmoja mwenye haya. Hawakuwa watu wasioupenda Mtaa. Walikuwa watu wasio na nafasi.

Alipeleka orodha kwa Mwakatobe, naye aliisoma yote, jina kwa jina.

"Watu sitini na mmoja kati ya mia nne," alisema mwishowe. "Na hakuna aliyekufa. Watajitambulisha upya. Wewe umeokoa wakaazi elfu tatu na mia moja, Salome, na hewa yetu juu yake. Usijitese."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mkuu. Hawa watu wamechukua miaka kuifungua."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Akaenda jikoni.

Bi Tatu alisikiliza hadithi yote ya Kombo na magoti, na kwa mara ya kwanza Salome alimwona akikunja uso kwa hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia.

"Kosa langu," alisema. "Nimekwambia hatua kumi na sita, sikukwambia zipangweje. Nawe umezipanga sawasawa kama ngazi ya kiwandani." Alimsogezea kopo la chumvi na ndoo ya maji. "Sufuria hili linataka maji ndoo ngapi?"

"Mbili."

"Na chumvi?"

"Vidole vitatu."

"Mbona chumvi hukuipima kwa ndoo?"

Salome alilitazama lile kopo.

"Chumvi kwa ndoo ni ama hakuna, ama balaa," alisema Bi Tatu. "Kilicho kidogo kipime kwa vidole. Kilicho kingi kipime kwa ndoo, hakuna atakayejua kikombe kimezidi. Hatua zako za chini zibane ziwe ndogo kabisa, halafu kila moja iizidi ya nyuma yake kwa kama nusu yake. Zitakuwa zilezile kumi na sita. Hutaongeza hata baiti. Andika kiorodha cha vipimo kumi na sita, mashine isome humo."

Jambo lilikuwa jepesi hivyo. Kuna akili inayokuja na kelele nyingi, na kuna akili inayokuja na kopo la chumvi. Salome alitamani kumbusu mikono, lakini ilikuwa imejaa unga, na Bi Tatu hakuwa mtu wa kubusiwa akiwa kazini.

Siku ya nne, kabla ya chakula cha jioni, kiorodha kilikuwa kimeandikwa. Sehemu sita za elfu zikapata hatua yao, ya pili kutoka chini. Watu sitini na mmoja wakarudi wote. Kisha Salome akatazama juu ya ngazi, kule kwenye ndoo, akaona gharama.

Kuanzia sehemu sita za kumi kwenda juu, kila namba ilikuwa kumi na tano. Mkiwa alikuwa amemzoea Salome kwa sehemu tisini na tatu za mia. Hakuna mwingine aliyemkaribia. Sasa Salome alikuwa kumi na tano, na wengine ishirini na watatu walikuwa kumi na tano pamoja naye. Injini ilikuwa na kanuni yake ya zamani: mkaazi humwita kifunguamimba yule tu aliyewazidi wengine wote. Wakilingana, kila mmoja ni "mwanangu" tu.

Alikaa akiitazama ile namba. Ilikuwa miaka thelathini ya miyaa na mvua yenye kigugumizi, na keshokutwa mbao nne zingefutwa, na baada ya hapo isingekuwepo popote, si Mwezini si duniani. Aliumia, na aliona aibu kuumia, kwa sababu Mzee Mbwambo alikuwa amepoteza zaidi na kuomba kidogo.

Ndipo mkono ukaenda wenyewe. Mwishoni mwa safu, baada ya namba ya mwisho kabisa, aliongeza baiti nne. Ndani yake akaiweka namba yake nzima, haijakatwa. Akaandika mstari mmoja: ukifika kwa Mkiwa na mtu huyu, usisome kwenye kiorodha, soma hapa. Baiti nne kati ya milioni ishirini na tano. Hakumdhulumu mtu yeyote. Hata kiroboto hula zaidi.

Alijaribu. "Hodi!"

"Karibu, kifunguamimba wangu."

Akalala vizuri, au alijiambia hivyo.

Asubuhi ya siku ya tano alipita kwenye korido ya pampu, na miguu ikamsalimu kutoka chini ya tangi.

"Salome? Nakujua kwa hatua. Nimesikia mnahangaika kwa ajili yetu sisi tusiokwenda sana."

"Tumeshapata njia, Mzee. Kombo atakukumbuka."

Mzee Mbwambo alijivuta akatoka, akakaa sakafuni akiyasugua magoti. "Nashukuru. Lakini nisikudanganye, siku ile nilirudi chumbani nikawaza sana. Nikajiuliza, kila mtu amekatwa kama mimi, au ni mimi peke yangu? Maana kama ni dhoruba, ni dhoruba. Tunaachiwa kidogo, tunagawana. Kinachouma ni kukatwa wewe na mwenzako akabaki mzima." Alimtazama. "Sasa hivi wote tumekatwa kipimo kimoja?"

"Ndiyo," alisema Salome.

"Basi mimi sina neno." Akarudi chini ya tangi.

Salome alisimama pale korido muda mrefu. Hakuna aliyekuwa ameona, hakuna ambaye angeona, na lile "ndiyo" lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki. Wazee husema siku za mwizi ni arobaini. Yeye yake moja tu ilimtosha.

Alirudi kwenye chumba cha mashine, akafungua mwisho wa safu. Aliisoma namba yake mara ya mwisho, nukta tisa tatu na mkia wake wote wa tarakimu, kwa sauti, kama mtu anayeagana. Akafuta baiti nne. Akafuta mstari. Alilia pia, maana alikuwa amefundishwa kwamba ni lazima.

Bi Tatu aliingia na chai ya rangi wakati macho bado mekundu. Hakuuliza. Alikwenda kwenye skrini, akasoma urefu wa safu kwa kidole, tarakimu moja moja, kama anayesoma msahafu.

"Milioni ishirini na tano, laki tisa na elfu kumi na sita," alisema. "Vizuri. Jana zilizidi nne."

Salome aliganda na kikombe mkononi. "Uliziona?"

"Mwanangu, safu iliyobanwa haina mfuko. Urefu wake unaujua kabla hujaifungua. Ndiyo maana naipenda."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, zingetolewa na mimi." Bi Tatu alivuta kiti akakaa, na uzee wote ukamkalia usoni kwa mara moja. "Miaka thelathini na sita iliyopita, nilipoandika safu ya kwanza, na mimi niliweka yangu. Namba moja ya pembeni, ili mkaazi mmoja anipende hata nisipokwenda. Nilikaa nayo mwaka mzima. Kila akinikaribisha, nasikia ni mimi ninayejikaribisha. Nikaifuta." Alimpiga Salome begani, si kwa nguvu. "Wewe umechukua siku moja. Umenizidi. Kunywa chai."

Siku ya sita saa nne asubuhi mbao nne zilifutwa, na kabla ya chakula cha mchana mitambo ya hewa ilikuwa ikipumua kama zamani. Mchana Mtaa ulifunguliwa kwa wote. Mwakatobe alitangaza kwa sauti yake ya kuhubiri kwamba kazi hiyo ilifanywa na Bi Tatu Shemweta na Salome Mghoi, watu wakapiga makofi, na Bi Tatu akasema kama wamemaliza kupiga makofi kuna vyombo vya kuosha.

Mzee Mbwambo hakungoja siku yake ya mwaka. Salome alimwona kwenye skrini akikaa kwenye benchi. Kombo aliinua macho kutoka kwenye soli.

"Aa, Mzee Mbwambo. Magoti yanaendeleaje?"

Yule mzee aliinama kufungua kamba za kiatu, na hakuinuka upesi.

Salome alivaa miwani yake. Mvua ilikuwa imekatika, barabara imelowa, na alitembea polepole kwa sababu hakuwa na haraka ya kulisikia alilolijua. Mlango wa Mkiwa ulikuwa umeegeshwa.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," Mkiwa alijibu. Sauti ilikuwa ileile, na upole uleule. Neno tu lilikuwa jingine. "Ingia, wenzako wameshaanza."

Liliuma kama alivyojua litauma. Aliingia. Chumbani walikuwa wamekaa watu wanne watano kwenye mkeka, na katikati yao, miguu mirefu imekunjwa isivyokunjika, alikuwa Mkuu wa kituo, Lusajo Mwakatobe, akipambana na ukili wa mkeka uliopinda. Alimwona Salome, akatazama chini.

"Nakuja Jumapili Jumapili tu," alisema.

"Sijauliza, Mkuu."

Salome aliutazama ule ukili. Mwakatobe alikuwa amepitisha mwaa mmoja juu ya miwili tangu mbali huko nyuma, kosa ambalo Salome mwenyewe alilifanya akiwa na miaka mitano. Akavua viatu, akajibana kati ya Mkuu na muuguzi mmoja aliyesogea kumpa nafasi. Akauchukua ukili kutoka mikononi mwa Mwakatobe, akaufumua mpaka pale alipokosea, akaanza kumwonyesha upya, polepole, mwaa kwa mwaa, kama mtoto wa kwanza anavyowafanyia wadogo zake.